Kano Imeshonwa. Nani Anajua Imeshonwaje?

Misuli mikubwa inayokunja vidole vyetu haikai vidoleni. Iko kwenye kigasha, chini ya kiwiko, na nguvu yake hufika kwenye ncha za vidole kwa kano ndefu: mbili kwa kila kidole, moja kwa dole gumba. Kano hizo hupita ndani ya njia nyembamba iliyoshikiliwa na pete ngumu, mfano wa waya wa breki ya baiskeli ndani ya ganda lake. Nafasi ni finyu kiasi kwamba uvimbe kidogo tu unaukwamisha waya. Ndiyo maana mtu aliyekatwa kiganjani na panga, bati au chupa anaweza kuwa na jeraha la nyuzi tatu tu, likapona vizuri kabisa, na kidole kikabaki kimenyooka hakikunjiki.

Akifika mapema kwa mpasuaji anayejua, kano itashonwa. Familia hushukuru, na wengi wetu hudhani kazi kubwa imekwisha. Haijakwisha. Mwili unapoponya jeraha hauchagui. Unaweka kovu kwenye kano na kwenye kila kilichoizunguka, na vyote vinashikana. Kano isiposogezwa inaganda. Ikisogezwa kwa nguvu mapema, mshono unafumuka. Kwa kawaida hupita wiki 12 hivi kabla mgonjwa hajaruhusiwa kubeba mzigo, na ndani ya wiki hizo ndimo inapoamuliwa kama fundi cherehani atarudi kwenye cherehani yake au atatafuta kazi nyingine.

Wiki hizo ziko mikononi mwa watu wawili: mpasuaji aliyeishona kano, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy) au wa fiziotherapia anayeamua kidole kisogezwe lini, kiasi gani, na ndani ya banzi la namna gani. Ninachokiona ni kwamba hospitali zetu nyingi zimewaweka wawili hawa mbali, kila mmoja na jengo lake na faili lake, kisha tunataka kuwaendeleza kitaaluma kila mmoja kivyake, kwa semina. Kwa tiba ya mkono njia hiyo haifiki popote. Fani hii imekua pale tu ambapo wawili hao wamemtazama mgonjwa mmoja kwa pamoja.

Historia yake yenyewe inathibitisha hivyo. Sterling Bunnell, Mmarekani aliyeweka misingi ya upasuaji wa mkono katika jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliiona sehemu ya kano iliyo kati ya kiganja na katikati ya kidole kuwa eneo ambalo mpasuaji hapaswi kuingia siku ya ajali. Ushauri ulikuwa kufunga ngozi, kusubiri, kisha kupandikiza kano nyingine baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Kentucky, walionyesha kwamba inawezekana kushona mapema, kwa sharti kwamba kidole kisifungwe kikatulia. Walifunga mpira kwenye ukucha: mgonjwa ananyoosha kidole mwenyewe, mpira unakirudisha. Mwaka 1975 Robert Duran na Robert Houser walieleza kwamba kano ikisogea milimita 3 hadi 5 tu, inatosha kuizuia isigande. Mwaka 1989 wataalamu wa Belfast wakaripoti wagonjwa waliokunja vidole vyao kwa nguvu zao wenyewe siku chache tu baada ya upasuaji.

Katika hatua zote hizo kuna majibizano ya pande mbili. Wataalamu wa tiba walihitaji kidole kisogee mapema zaidi, na wapasuaji wakatafuta mshono wenye nguvu zaidi. Mshono ulipoimarika kutoka nyuzi mbili zinazovuka mkato hadi nne na sita, wataalamu wa tiba wakathubutu kumruhusu mgonjwa akunje mwenyewe. Hakuna upande ambao ungefika hapo peke yake. Na walifika kwa sababu walionana kila siku juu ya mkono uleule, wakaona nini kimeganda na nini kimekatika.

Sasa linganisha na barua ya rufaa ambayo wengi tulio kwenye tiba tunaifahamu. Ina mstari mmoja: kano zimeshonwa, apewe mazoezi. Kano zipi? Zote mbili au moja? Zimekatika usawa gani wa kidole? Nyuzi ngapi zinavuka mkato? Neva nayo ilikatika? Pete ipi ilifunguliwa ili mshono upite? Kidole kilijaribiwa kukunjwa na kunyooshwa kabla ngozi haijafungwa, na mshono ulipita bila kukwama? Haya mpasuaji anayajua vizuri dakika anayovua glavu, na yakikosekana kwenye karatasi mtaalamu wa tiba hana njia ya kuyajua. Ngozi imeshafungwa.

Mtu asiyejua mshono una nguvu kiasi gani atafanya lililo salama kwake: ataacha mkono kwenye plasta wiki nne, pengine sita. Hatalaumiwa kwa kukatisha kano. Lakini plasta ikitolewa kidole ni kigumu kama kijiti, na kiungo cha katikati kimeshaanza kujikunja na kukataa kunyooka. Mpasuaji akimwona mgonjwa huyo miezi mitatu baadaye anasema mazoezi hayakufanyika vizuri. Mtaalamu wa tiba, akimwona mwingine ambaye mshono umefumuka, anasema upasuaji ulikuwa dhaifu. Inawezekana wote wawili wamekosea, au wote wana haki nusu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyejifunza chochote. Mgonjwa anayefuata atakutana na mpasuaji yuleyule, mtaalamu yuleyule, na mstari uleule mmoja.

Hapo ndipo suala la kuendelezwa kitaaluma linapoingia. Kwetu limekuwa suala la vyeti: siku mbili ukumbini, picha ya pamoja, posho, pointi za kuhuisha leseni. Sisemi semina hazina faida. Mtu anaweza kwenda kwenye semina akatoka na jambo la maana kuhusu kuungua au kuhusu neva. Lakini mkono hausomwi ukumbini. Kujua kama kidole kimekwama kwa sababu kano imeganda au kwa sababu kiungo chenyewe kimekakamaa ni jambo la vidole vyako kwenye vidole vya mgonjwa: unakikunja wewe, kisha unamwambia akikunje yeye, unapima tofauti. Wewe ukiweza kukikunja na yeye akashindwa, tatizo liko kwenye kano. Wote mkishindwa, tafuta kwenye kiungo. Somo hilo linaandikwa kwa sentensi mbili, ila kulitumia kwa uhakika kunadai wagonjwa wengi, na mtu mzoefu karibu yako wa kukuambia umekosea.

Wamarekani walilitambua hili walipoanzisha mtihani wao wa ubingwa wa tiba ya mkono, uliofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo na wa fiziotherapia wote wanaruhusiwa kuufanya, lakini hakuna anayeingia kabla hajafikisha saa 4,000 za kutibu wagonjwa wa mkono, na kila baada ya miaka mitano lazima aonyeshe kwamba bado yumo kazini na bado anajifunza. Sipendekezi tuige mtihani wenyewe. Una gharama zake, na umejengwa juu ya mfumo wa bima usiofanana na wetu. Ninachokipenda ni mpangilio: saa za mkononi kwanza, karatasi baadaye. Katika hospitali zetu mtaalamu wa tiba huzungushwa. Miezi mitatu yuko kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, mitatu kwa waliopata kiharusi, mitatu kwa waliovunjika. Anajua kidogo kuhusu kila kitu, na akianza kuuelewa mkono, zamu inambadilisha. Uongozi wa hospitali unaweza kurekebisha hilo bila kibali cha wizara na bila shilingi moja ya ziada: mwacheni mtu mmoja abaki kwenye mikono miaka miwili.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Hapana. Moja ya mashina imara kabisa ya fani hii liliota penye umaskini. Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na wazazi wamisionari, alirudi huko mwaka 1946 kufundisha upasuaji katika chuo cha tiba cha Vellore. Alikuta wagonjwa wa ukoma wenye vidole vilivyojikunja kama kucha za mwewe, na imani iliyoenea kwamba nyama zao zinaoza zenyewe. Yeye na wenzake walionyesha kwamba vidole vilikuwa vinaharibika kwa kuungua na kujikata bila kuhisi, kwa sababu neva zilikuwa zimekufa. Akaanza kuhamisha kano: kuchukua msuli ulio hai, wenye kazi nyingine, na kuupa kazi ya ule uliopooza.

Upasuaji wa namna hiyo hauna maana bila mtu wa tiba. Msuli uliozoea kukunja kidole cha kati haujui kwamba sasa unatakiwa kufungua kiganja. Mgonjwa lazima afundishwe, harakati baada ya harakati, kuutafuta msuli wake mahali papya. Na kabla ya upasuaji viungo vilivyokakamaa vilipaswa kulainishwa, kazi waliyoifanya kwa plasta: wanakizungushia kidole plasta kikiwa kimenyooka kadiri kinavyokubali bila kulazimishwa, baada ya siku chache wanaifungua, kidole kimeachia kidogo, wanafunga nyingine. Plasta na maji tu. Njia hiyo inafanya kazi mpaka leo, na inafaa kwetu kuliko plastiki ya kuagizwa inayolainishwa kwa maji ya moto, ambayo bei yake inaifanya ifungiwe kabatini kama dhahabu. Mwaka 1965 kilipoanzishwa kituo cha ALERT pale Addis Ababa kwa ajili ya kufundisha tiba na ukarabati wa wagonjwa wa ukoma barani Afrika, kilirithi fikra hiyo ya mpasuaji na mtu wa tiba kufanya kazi pamoja. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ushirikiano ni anasa ya Philadelphia. Pale Philadelphia, ambako wapasuaji na wataalamu wa tiba walifungua kituo chao cha pamoja cha mkono miaka ya 1970, walikuwa na fedha. Vellore hawakuwa nazo, na walifanya.

Jambo jingine linalofaa kuzungumzwa zaidi Afrika Mashariki ni upasuaji wa mkono mgonjwa akiwa macho. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba adrenalini haichomwi kidoleni kamwe, kwamba kidole kitakufa. Donald Lalonde na wenzake wa Canada walifuatilia wagonjwa 3,110 waliochomwa dawa ya ganzi yenye adrenalini mkononi na vidoleni, na walipotoa matokeo mwaka 2005 hakuna hata mmoja aliyepoteza kidole. Adrenalini inabana mishipa ya damu, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga mpira wa kuzuia damu kwenye mkono, na bila maumivu ya mpira huo hakuna haja ya nusu kaputi. Mgonjwa analala macho, anazungumza.

Kwa hospitali ya wilaya isiyo na mtaalamu wa usingizi, faida iko wazi. Lakini faida ninayoitaka ijadiliwe ni nyingine. Kano ikishashonwa, mpasuaji anamwambia mgonjwa: kunja kidole. Anakunja. Kila aliye chumbani anaona kama mshono unaachana, kama unakwama kwenye pete, kama kidole kinafika kiganjani. Ukiachana, unashonwa upya palepale. Na mtaalamu wa tiba akiwa amesimama pembeni, amevaa barakoa kama wengine, anaona kwa macho yake kile ambacho hakuna barua ya rufaa inayoweza kumwambia. Kule Saint John, New Brunswick, Lalonde na wataalamu wa tiba wa mkono waliandika utaratibu wao wa mazoezi kwa kuanzia hapohapo mezani: mgonjwa ameshaona kidole chake kikijikunja, ameshaambiwa afanye nini na asifanye nini, na aliyemwambia ndiye atakayemwona kliniki siku chache baadaye. Asubuhi moja ya namna hiyo ina thamani kwa mtaalamu kijana kuliko semina nyingi nilizowahi kuona zikiandaliwa. Bodi zinazohesabu pointi zinapaswa kuihesabu.

Msingi wa kuanzia tunao. Chuo kinachofundisha tiba kwa vitendo kiko Moshi, katika mazingira ya hospitali ya rufaa ya KCMC, na vyuo vya KMTC, vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba nchini Kenya, vimekuwa vikitoa wataalamu hao tangu miaka ya 1960. Chuo cha wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, makao yake yako Arusha. Kutoka Arusha hadi Moshi ni mwendo wa takriban kilomita 80. Mwanafunzi wa upasuaji huweka daftari la operesheni alizofanya. Ningependa daftari hilo liwe na safu ya pili: wangapi kati ya wagonjwa hao aliwaona tena kwenye chumba cha tiba, wiki ya 6 na ya 12, akiwa na mtaalamu anayewahudumia. Na mwanafunzi wa tiba kwa vitendo awe na safu yake: operesheni ngapi za mkono alisimama akazitazama.

Ipo sababu ambayo wengi hawapendi kuitaja, na ni ukubwa na udogo wa vyeo. Kwenye raundi mtaalamu wa tiba husimama nyuma, mara nyingi nyuma hata ya wanafunzi, na husema akiulizwa. Akimwona mgonjwa ambaye plasta imefungwa vibaya, vidole vimenyooshwa pale kwenye vifundo vya kiganja ilhali vilitakiwa vikunjwe digrii 70 hivi ili ligamenti, yaani kamba zinazoshikilia kiungo pembeni, zisifupike, anapima kwanza: nimwambie daktari au ninyamaze? Mara nyingi ananyamaza. Kliniki ya pamoja hailiondoi tatizo hili, ila inabadilisha mahali pa mazungumzo. Mkono wa mgonjwa ukiwa mezani katikati yao na kipimo kikiwa wazi, ni rahisi zaidi kusema, "Daktari, hiki kiungo hakifiki, naomba tuangalie plasta," kuliko kumfuata ofisini kwake.

Kisha yupo mgonjwa, na nyumba yake. Hapa ndipo tiba kwa vitendo ina ujuzi ambao mpasuaji hana, na asitegemewe kuwa nao. Tuseme ni mama wa Same aliyekatwa na jembe, ameshonwa kwenye hospitali ya rufaa, amerudi na banzi. Nyumbani kuna kuni, sufuria na mtoto mchanga. Kuna pia mama mkwe au shangazi mwenye upendo ambaye kila jioni atachemsha maji, atachovya kitambaa, na kuukanda mkono, akivinyoosha vidole kimoja kimoja ili "vilegee". Kunyoosha huko ndiko kunakoweza kukatisha mshono wa kano ya kukunja, hasa wiki za mwanzo. Kumwambia mgonjwa "usikande" hakutoshi, kwa sababu si yeye anayeamua. Anayekanda ndiye wa kuitwa kliniki, asalimiwe kwa heshima yake, aonyeshwe mchoro wa kano, na apewe kazi nyingine ya kufanya badala ya kufukuzwa: kushikilia kigasha wakati mgonjwa anakunja, kuhesabu mizunguko, kuhakikisha banzi halivuliwi usiku. Nikimpata mwanafamilia huyo upande wetu, nusu ya hofu yangu huondoka.

Na mama huyo hawezi kupanda basi kila wiki. Kwa hiyo timu haiwezi kuishia kwenye geti la hospitali ya rufaa. Inamhitaji mtu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya, au tabibu kama hakuna mwingine, apewe maelezo kamili ya upasuaji na namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Picha ya kidole kwenye WhatsApp, mgonjwa akiwa ameridhia na uso wake hauonekani, imeokoa vidole vingi. Picha haiwezi kukupa hisia ya ugumu wa kiungo, lakini inaonyesha uvimbe, wekundu, na kidole ambacho jana kilikuwa kinajikunja na leo hakijikunji. Hilo la mwisho ni dharura. Mshono uliofumuka ukigunduliwa mapema unaweza kurudiwa; ukigunduliwa baada ya miezi miwili, tunarudi kwenye kupandikiza.

Najua pingamizi. Wapasuaji ni wachache, wataalamu wa tiba ni wachache zaidi, foleni ni ndefu, nani ana asubuhi ya kukaa wawili kwa mgonjwa mmoja? Lakini hesabu ya sasa nayo ina gharama. Mgonjwa ambaye kidole chake kimeganda hurudi kliniki kwa mpasuaji, anarudishwa tiba, anarudi tena, na baadhi yao huishia kwenye upasuaji wa pili wa kuiachanisha kano na kovu, ambao nao unahitaji mazoezi makali kuliko ya kwanza. Uchache wa watu ndio unaonifanya nidai wakae pamoja.

Kipimo cha kuanzia nacho kipo, na ni cha bei ndogo. James Strickland alipendekeza kupima viungo viwili vya mbele vya kidole: mgonjwa anakunja mwenyewe, unajumlisha digrii za viungo hivyo, unatoa zile ambazo kidole kinashindwa kunyooka, unagawanya kwa 175 na kuzidisha kwa 100. Ukipata 85 au zaidi, matokeo ni mazuri sana. Chini ya 50, ni mabaya. Kila mgonjwa wa kano apimwe hivyo wiki ya 12, namba iandikwe kwenye daftari moja, na kando yake majina mawili: aliyeshona na aliyetibu. Mwisho wa mwezi wakae wawili hao na daftari hilo, waanze na namba za chini.